Mchoro nao ni lugha, ila anausoma nani?

Nilipokuwa katika kamati ya wazazi wa shule moja ya upili, kijana mtaalamu wa kompyuta alikuja kutuonyesha mfumo mpya wa kulipia karo. Alitandaza karatasi mezani: kisanduku kilichoandikwa MZAZI, kingine MWANAFUNZI, na katikati umbo la almasi lenye neno ANALIPIA. Upande wa mzazi paliandikwa 1, upande wa mwanafunzi N. Sote tukaitikia kwa vichwa, tukatia sahihi. Nani angetaka kuonekana mshamba mbele ya wenzake?

Kumbe mchoro ule ulikuwa sentensi kamili. Ulisema: mzazi mmoja aweza kulipia wanafunzi wengi, lakini kila mwanafunzi hulipiwa na mzazi mmoja tu. Muhula ulipofunguliwa ndipo tulipouelewa. Mfumo haukumtambua mlipaji wa pili, hivyo mtoto aliyelipiwa nusu na mamake na nusu na mjombake alionekana ana deni, akarudishwa nyumbani. Kuandika M mahali pa 1 kungetosha kuliepuka balaa hilo.

Lugha hiyo ya visanduku na almasi ilichapishwa na Peter Chen mwaka 1976. Ina msamiati wake na sarufi yake: si kila umbo huungana na lolote. Baadaye zilikuja nyingine, mathalani UML iliyoidhinishwa mwaka 1997, ambayo ina aina zaidi ya 10 za michoro. Kazi yake si mchezo: kueleza shughuli za watu zilivyo kabla programu haijaandikwa.

Mbona basi lugha moja hupokelewa na nyingine hutupwa? Fred Davis, katika utafiti wake wa 1989, alieleza kuwa mtu huikubali teknolojia akiamini itamfaa kazini, na pia akiona ni rahisi kuitumia. Manufaa, aligundua, yana uzito kuliko wepesi. Wapenzi wa Kiswahili hili haliwashangazi. 'Tarakilishi' limo kamusini na madarasani, lakini ingia dukani usikie: ni kompyuta tu.

Hata hivyo nauliza, mtumiaji ni yupi? Kwa mchoraji, mchoro humfaa ukimsaidia kuandika programu. Kwa mzazi, humfaa ukimwezesha kusema, "Hapa umekosea." Lugha yaweza kukubaliwa na wa kwanza na kumfungia nje wa pili, ambaye ndiye mwenye habari. Daniel Moody alilalamika mwaka 2009 kwamba wabunifu wa lugha hizi huchagua maumbo bila kueleza sababu, ilhali alama nzuri hudokeza maana yake. Tazama ile iitwayo mguu wa kunguru: mahali pa N, ncha ya mstari hupanuka vidole vitatu. Hata asiyefundishwa huhisi kuna wengi pale.

Kijana yule aliitwa tena. Safari hii hakutandaza karatasi kwanza. Aliusoma mchoro kwa sauti, mstari kwa mstari. "Kila mwanafunzi hulipiwa na mzazi mmoja pekee. Ni kweli?"

Mama mmoja aliyekuwa nyuma akacheka. "La, mwanangu. Wangu analipiwa na watu watatu, na basari juu."