Kula au Kutakata: Ufafanuzi wa Kanuni Tatanishi za Vita vya Bao

Mwanafunzi wa ushairi mjini Eldoret aghalabu hukutana na bao kitabuni kabla ya kuliona barazani. Mitaani humo mchezo unaowakusanya watu ni drafti ya vifuniko vya soda, na aliyetoka Nyanza huenda anajua ajua, yenye safu mbili tu za mashimo. Kwa hivyo anaposoma tungo za mwambao, kuanzia enzi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, neno takata humpeleka kwenye usafi, mtaji kwenye biashara na nyumba kwenye ndoa. Ufasiri wote huenda mrama kwa sababu ya kanuni ambazo hakuna aliyemweleza. Makala haya yanadhamiria kuzifafanua zile zinazotatiza zaidi.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne na kete 64. Kila mchezaji humiliki safu mbili, na vita hupiganwa katika safu za ndani pekee. Mwanzoni kila mmoja hupanga kete 10: sita katika nyumba, ambayo ni shimo la nne kutoka kulia kwake, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Kete 22 zilizobaki huwekwa ghalani. Awamu ya kuziingiza moja moja huitwa namua. Zikiisha, huanza awamu ya mtaji.

Utata mkubwa umo katika tofauti baina ya kula na kutakata. Katika namua, mchezaji hutia kete katika shimo lake la ndani lenye kete. Iwapo shimo la adui linalolikabili nalo lina kete, ni lazima azile na kuzisambaza kuanzia kichwani, yaani shimo la mwisho la safu ya ndani. Akila kutoka kichwa au shimo linalopakana nacho (mashimo haya huitwa kimbi), sharti aanzie kichwa kilicho karibu. Kwingineko, ulaji wa kwanza humwachia hiari ya upande. Kete ya mwisho ikiangukia shimo tupu, zamu hulala. Ikiangukia penye kete, mchezaji hula tena ikiwa inawezekana, la sivyo huzizoa zote na kuendelea.

Asipoweza kula tangu mwanzo, hutakata: huzoa kete za shimo alilolitia na kuzisambaza kushoto au kulia. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Zamu iliyoanza kwa kutakata haili kamwe, hata kete ya mwisho ikikutana ana kwa ana na shimo la adui lililojaa. Hatua ya kwanza huamua hadhi ya zamu nzima. Ufunguzi wenyewe ni ushahidi: kwa mpangilio ulioelezwa, mashimo yenye kete ya kila upande hukabili matupu ya mwenzake, hivyo anayeanza hana budi kutakata. Akitia kete katika shimo la pili kutoka kulia na kuelekea kushoto, kete yake ya mwisho huangukia shimo tupu linalokabili nyumba ya mpinzani. Mpinzani hutia kete nyumbani mwake na kuila pale pale.

Nyumba nayo ina haki zinazofanana na uganga. Maadamu haijavunjwa na ina kete sita au zaidi, mchezaji anayekula, kete yake ya mwisho ikiangukia humo pasipo cha kula, anaweza kusimama ama kwenda safari, yaani kuzizoa zote na kuendelea. Akisafiri, haki hiyo hupotea na nyumba hubaki shimo kama mengine. Anayetakata hana hiari hiyo. Akifika nyumbani husimama. Na asipokuwa na kete kwingine katika safu ya ndani, hutakata kwa kutoa mbili tu nyumbani.

Katika mtaji, zamu huanzia shimo lolote lenye kete mbili au zaidi, la ndani au la nje. Mzunguko wa kwanza ukiishia kwenye ulaji, huo ndio mtaji; shimo lenye kete zaidi ya 15 haliwezi kuanzisha ulaji. Mwenye mtaji halazimiki kuhesabu mwendo wote, ingawa mabingwa huuhesabu. Alexander de Voogt, aliyechapisha utafiti wake kuhusu mabingwa wa Zanzibar mwaka 1995, aliwapima hata kwa kucheza bila kuuona ubao.

Anayeishiwa kete katika safu ya ndani ameshindwa, sawa na asiye na shimo lenye kete mbili wakati wa mtaji. Kushindwa kungali namua, kete zingalimo ghalani, huitwa mkononi, na ndiko kunakochekwa zaidi barazani.