Jangili ni Nani?

Ziko nomino ambazo zikishatamkwa tu, kesi huwa imekwisha. "Jangili" ni mojawapo. Mwindaji ni mtu mwenye kazi yake, na mwizi hupelekwa mahakamani. Bali jangili, hasa akutwapo mbugani usiku, aweza kupigwa risasi na habari yake ikatangazwa kwa sentensi moja, bila jina wala kijiji. Kamusi nazo hazimwonei huruma, kwani mbali na kuwinda bila kibali, neno hilo hubeba pia maana ya mtu mwovu.

Si nia yangu kuwatetea wauaji wa tembo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kenya ilikuwa na tembo zaidi ya 160,000. Kufikia mwaka 1989 walikuwa wamesalia kama 20,000, au hata pungufu. Walioleta maafa hayo walibeba bunduki za kivita, na askari wa wanyamapori waliowakabili ni watoto wa watu, wenye wake na madeni ya karo. Mwaka huohuo wa 1989, huko Kora, majambazi walimuua George Adamson pamoja na wafanyakazi wake wawili. Dunia nzima yamkumbuka Adamson. Ewe mwalimu, waulize wanafunzi wako majina ya wale wawili.

Hata hivyo, neno hili lilikuwa limekwisha kufanya kazi nyingine kabla ya bunduki hizo kufika. Mbuga ya Tsavo ilipotengwa mwaka 1948, sehemu kubwa ya ardhi ile ilikuwa mawindo ya Wawaata, ambao majirani huwaita Waliangulu. Watu hawa, wasemao lugha ya jamii ya Kioromo, walimwinda tembo kwa upinde mrefu ambao si kila mwanamume angeweza kuuvuta, na kwa mishale iliyopakwa sumu ya msunguti. Ni kweli pembe waliziuza, ingawa faida nono iliishia kwa walanguzi. Katika miaka ya 1956 na 1957 ukafanywa msako mkubwa, na wawindaji wao hodari wakatiwa gerezani. Jana mtu alikuwa mwindaji, leo ni jangili, naye hajabadili njia wala mshale! Kisha ukaja ukame wa 1970 na 1971, tembo kwa maelfu wakafa njaa mlemle Tsavo, pasipo upinde wa Mwaata kuvutwa.

Kwa mtu wa taaluma yangu iko hasara nyingine isiyohesabiwa. Kijana asiyeandamana na babaye porini hawezi kurithi maneno ya nyayo, ya upepo na ya sehemu za upinde. Msamiati hauhifadhiwi kwa ua wa nyaya.

Jirani zetu Watanzania nao walionja uchungu huu mwaka 2013. Operesheni Tokomeza Ujangili ilisitishwa mwaka huohuo baada ya malalamiko ya mateso na mauaji ya raia, na mawaziri 4 wakapoteza nyadhifa zao. Watu walikuwa wamezoea kulikata jina hilo likabaki "Tokomeza", kitenzi kisicho na yambwa. Atokomezwe nani?

Sheria ya wanyamapori ambayo Kenya iliipitisha mwaka 2013 iliweka adhabu kali kwa makosa yahusuyo wanyama walio hatarini kutoweka: faini isiyopungua shilingi milioni 20, au kifungo cha maisha. Kifo hakimo. Aliyelala porini na risasi kifuani amepewa, basi, hukumu ambayo Bunge halikuiandika, na hana pa kukatia rufaa. Mwaka 2016 mahakama moja ya Mombasa ilimhukumu mtu kifungo cha miaka 20 kwa shauri la pembe za ndovu zenye uzito wa zaidi ya tani 2. Alikuwa na mawakili, akakata rufaa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikamwachilia huru. Hiyo ndiyo sheria, nami sina ugomvi nayo. Lakini magazeti, muda wote wa kesi hiyo, yalimwita mfanyabiashara.