Ukirudia drams zako za zamani, kumbuka masikio, mgongo na moyo

JE, kuna seti ya drams iliyosukumwa kwenye kona ya stoo yako, imefunikwa gunia na kujaa vumbi tangu ulipoacha bendi ukaingia kazi ya ofisi? Ikiwa ipo, na umeanza kuitupia jicho, basi makala haya yanakuhusu.

Si ajabu siku hizi kumwona mtu wa miaka hamsini au sitini akirudia ala aliyoiacha akiwa kijana. Watoto wamekua, karo imekwisha na jioni zimekuwa ndefu. Wengine walipiga katika bendi za hoteli za Pwani miaka ya 1970 na 1980, wengine shuleni, wengine kanisani kabla ya kinanda cha umeme kuchukua nafasi yao. Hamu hiyo usiizime. Tony Allen wa Nigeria, aliyepiga drams katika bendi ya Fela Kuti, alikuwa bado mwanamuziki kamili alipofariki mwaka wa 2020 akiwa na umri wa miaka 79.

Lakini jambo la kwanza si kupiga. Ni kuzisafisha hizo ngoma, na kazi hiyo ina hatari zake ambazo wengi hawazifikirii.

Stoo iliyofungwa miaka mingi huwa na vumbi, ukungu, kinyesi cha panya na mabaki ya mende. Mwenye pumu anaweza kushikwa na kifua siku hiyo hiyo. Toa kila kitu nje uwanjani, jifunge kinyago puani na mdomoni, na upanguse kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia au kupuliza. Ikiwa unataka kupiga msasa mbao za ngoma, kinyago hicho kiwe kizuri zaidi, kwa kuwa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliorodhesha vumbi la mbao mwaka wa 1995 miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani, hasa ya tundu za pua. Waliopatikana na madhara hayo ni wafanyakazi waliolivuta kwa miaka mingi, si mtu wa siku mbili, lakini kinyago hakina gharama kubwa. Rangi ya zamani nayo huenda ina madini ya risasi. Hiyo usiipige msasa kabisa penye watoto.

Baadhi ya seti za kale, ziwe Premier za Uingereza au Ludwig za Marekani, zimevikwa ganda la plastiki linalong'aa kama lulu. Maganda mengine ya zamani yalitengenezwa kwa aina ya plastiki inayoshika moto upesi mno. Usiyabandue kwa moto wala kuyakaribia na sigara.

Kutu kwenye vyuma ni kazi nyepesi. Chovya karatasi ya jikoni ya alumini katika siki, sugua polepole, kisha suuza, kausha na upake mafuta ya cherehani. Hii haitaharibu chuma kama waya wa kusugulia sufuria. Ikiwa chuma kimeliwa sana na kinahitaji kutiwa kromu upya, mpelekee fundi mwenye karakana inayofaa. Kemikali za kazi hiyo ni sumu, nawe usizijaribu nyumbani. Ukitaka kujua kama ukingo wa ngoma umepinda, uweke juu ya kioo bapa, uwashe tochi ndani na uzime taa ya chumba. Mwanga ukipenya chini, peleka kwa seremala.

Kuhusu ngozi, ngoma za kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1950 ziliwambwa ngozi ya ndama, ambayo hulegea msimu wa mvua. Kampuni ya Remo ilianza kuuza ngozi za plastiki mwaka wa 1957 na ndizo zinazotumika hadi leo. Nunua hizo. Kuna anayeweza kukushawishi uwambe ngozi mbichi ya mbuzi kwa kuwa ni rahisi. Ngozi isiyotibiwa inaweza kubeba vijidudu vya kimeta, na katika Uingereza watu wawili waliohusika na ngoma za ngozi za wanyama walikufa kwa ugonjwa huo, mmoja mwaka wa 2006 na mwingine mwaka wa 2008. Ukisha kuweka ngozi ya plastiki, kaza skrubu mojamoja ukivuka upande wa pili kila mara, jinsi unavyofunga nati za gurudumu la gari.

Sasa kaa. Hapa ndipo wengi hujiumiza, kwa maana stuli waliyoizoea wakiwa na miaka ishirini haiwafai tena. Nyonga zako ziwe juu kidogo ya magoti, nyayo zifike chini bila kunyoosha mguu, na uti wa mgongo usimame wenyewe. Sogeza ngoma na matoazi yaje kwako. Usiyafuate wewe kwa kuinama. Phil Collins wa Uingereza aliumia pingili za shingo, akafanyiwa upasuaji, na mwaka wa 2009 akatangaza kwamba hawezi tena kupiga drams. Shika vijiti kwa ulegevu, kama mtu aliyeshika ndege asiyetaka kumwumiza wala kumwacha aruke. Anayekaza vidole huumiza kano za kifundo cha mkono, na vidole vikianza kufa ganzi usiku, hiyo ni dalili ya mshipa wa fahamu uliobanwa. Pumzika, na hali ikiendelea mwone daktari. Wiki za mwanzo, dakika ishirini kwa siku zinatosha.

Moyo nao utafanya kazi. Wanasayansi wa vyuo vikuu vya Chichester na Gloucestershire walimpima Clem Burke, mpigaji drams wa bendi ya Blondie aliyefariki mwaka wa 2025. Katika matokeo waliyotangaza mwaka wa 2008, moyo wake ukiwa jukwaani ulidunda wastani wa mara 140 hadi 150 kwa dakika, na wakati mwingine ukafika 190. Sasa piga hesabu yako: toa umri wako kutoka 220, na utapata kadirio la kiwango cha juu kabisa cha moyo wako. Kwa mtu wa miaka 55 ni 165. Hutapiga kama Burke, lakini ikiwa una shinikizo la damu, kisukari, au umekaa miaka mingi bila mazoezi, pimwa kwanza. Weka maji karibu. Maumivu ya kifua au kukosa pumzi si uchovu wa kawaida; acha papo hapo na uende hospitali.

Faida pia zipo. Mwaka wa 2016 watafiti jijini London walichapisha matokeo ya watu wenye matatizo ya akili waliopiga ngoma pamoja kwa majuma kumi, na wasiwasi na unyonge wa moyo vikapungua. Kundi lilikuwa dogo, kwa hivyo tusiseme ngoma ni dawa. Lakini kupiga na wenzako ni bora kuliko kupiga peke yako, na hilo sidhani mwanamuziki yeyote atalikana.

Jambo lisilo na msamaha ni masikio. Seli ndogo zenye vinyweleo ndani ya sikio, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa sauti, haziko kama ngozi ya mwili. Zikifa hazioti tena. Drams zinazopigwa chumbani hufika desibeli 100 na kupita. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2005 kuhusu kelele kazini ziliweka kikomo cha desibeli 90 kwa saa nane. Taasisi ya NIOSH ya Marekani ni kali zaidi: inapendekeza 85 kwa saa nane, na kila desibeli tatu zikiongezeka muda ukatwe nusu. Fuata hesabu hiyo na utaona kwamba desibeli 100 zinaruhusiwa kwa dakika 15 pekee. Yaani wimbo wa tatu au wa nne ukiisha, siku yako imekwisha.

Wengi hujaza pamba masikioni. Pamba karibu haisaidii kitu. Tumia vizibo vya sponji vya duka la dawa: vibonyeze kwa vidole, vuta sikio juu na nyuma, kisha viingize na uvishikilie hadi vitanuke. Vipo pia vizibo maalumu vya wanamuziki, ambavyo hupunguza sauti bila kuiharibu. Bei yake ni ya juu, lakini ni nafuu kuliko kifaa cha kusaidia kusikia. Siku za kawaida za mazoezi, tandika blanketi ndani ya ngoma kubwa na pedi za mpira juu ya nyingine. Jirani wa fleti ya chini atakushukuru, na kanuni za kelele za mwaka wa 2009 hutazivunja.

Ukisikia mlio kama nzi au filimbi baada ya kupiga, hiyo ni ishara kwamba umezidisha. Usipokwisha kwa siku moja au mbili, au ukiona unaongeza sauti ya televisheni huku wengine wakilalamika, nenda kliniki ya masikio, pua na koo. Kipimo cha kwanza cha kusikia kifanywe kabla hujaanza kupiga, ili baadaye daktari awe na cha kulinganisha. Kifanywe asubuhi, ukiwa umekaa mbali na kelele kwa angalau saa 14, na umwambie mpimaji kwamba unapiga drams na ni saa ngapi kwa wiki.