Opt in, opt out: Hii neno ya herufi tatu inaweza kula credo yako, soma uijue

Wasee, kuna neno fupi ya Kizungu hukaa pale chini kabisa ya SMS za promo. Opt. "To opt out, dial..." Wengi wetu tukiona hiyo laini tunapita tu. Lakini hapo ndipo mlango wa kutokea uko, so wacha tuichambue.

Opt ni nini haswa?

Ni kuchagua. Ilianzia kwa Kilatini, optare, ikapitia Kifaransa, opter, ndio ikafika kwa Kiingereza. Ndugu zake unawajua: option, optional, hata adopt.

Shida ni kwamba si kila mahali unaweka choose unaweza kuweka opt. Ukiwa kibandani, "I chose chapo" iko sawa. "I opted chapo" haiko. Opt haishiki kitu moja kwa moja, lazima iende na msaidizi:

- Kama ni kitu, tumia for: "I opted for chapo."
- Kama ni kitendo, tumia to: "We opted to walk." Yaani mliamua kutembea badala ya kupanda mat.
- Kama unaingia kwa mpango, ni opt in.
- Kama unatoka, ni opt out of: "She opted out of the chama." Si "opt out from".

Na ukiandika opted ama opting, t ni moja tu.

Kuna kingine. Mtu anaweza kuwa chosen, selected ama elected. Hawezi kuwa "opted". Mbogi ikikupa kazi ya kushika pesa, usiseme "I was opted". Kamati inaweza ku-co-opt mtu, lakini hilo ni neno lingine. Opt yenyewe hufanywa na mwenyewe, hakuna mtu wa kukufanyia.

Kiswahili kinaonyesha hii vizuri kuliko Kizungu. Opt in ni kujiunga. Opt out ni kujitoa. Cheki hiyo "ji" katikati. Inamaanisha ni wewe mwenyewe umefanya.

Sasa, ulijiunga ama uliungwa?

Hapa ndipo credo yako inaingia. Unaweka mbao, kabla upige simu unapata bob kumi imeenda na vichekesho vya kila siku ama tips za mpira hukuwahi kuomba. Pengine ulibonyeza kitu bila kusoma. Pengine kulikuwa na kibox kimeshawekwa tiki mapema. Hicho kibox ni mchezo wa zamani: kinategemea uvivu wako, kwa sababu watu wengi huacha kitu vile wamekikuta.

Si kila mahali hiyo mbinu ni ya ujanja, lakini nguvu yake ni ile ile. Huko Uingereza, Wales ilibadilisha sheria ya kutoa viungo vya mwili Desemba 2015, na England ikafuata Mei 2020. Zamani ulikuwa unajiandikisha kama unataka figo yako isaidie mtu ukishakufa. Siku hizi mtu mzima huchukuliwa amekubali, isipokuwa ajitoe mwenyewe. Yaani walitoka opt in wakaenda opt out. Ukinyamaza, kimya chako kinahesabiwa kama ndiyo.

Sheria ya Kenya inasema aje?

Kwa data yako, kimya si ndiyo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini iwe wazi, ya hiari, na utoe ukijua unakubali nini. Pia unaweza kuiondoa wakati wowote. Kanuni za 2021 zinaongeza kwamba anayekutumia matangazo lazima akupe njia rahisi ya kujitoa.

Na si maneno matupu. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Data, ODPC, ilipiga klabu moja ya Nairobi faini ya Sh1,850,000 kwa kupost picha ya mteja bila idhini yake. Kuingia klabu kujibamba si opt in ya kuwa tangazo lao.

Ufanye nini?

Kwanza, tafuta ile laini ya chini kwa SMS ufuate vile inasema. Mara nyingi ni kujibu STOP ama kupiga code fulani. Ikikataa, pigia customer care ya mtandao wako uulize umeunganishwa na huduma gani, zote zitolewe. Weka screenshot za SMS na za credo ikikatwa. Wakikuzungusha, lalamika kwa Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Kama shida ni mtu kutumia namba ama picha yako, enda ODPC.

Na siku nyingine ukipata fomu imejaa vibox, angalia kwanza ni nani aliweka hiyo tiki. Kama si wewe, hiyo si opt in. Umeungwa tu, na uko na haki ya kujitoa.

Wewe je, ni SMS gani imekusumbua sana na hukumbuki ukijiunga?