Mzee akishindwa kuinua mikono, usiseme ni uzee tu

Huenda una mzazi aliyepita umri wa miaka 50 ambaye mwezi jana alikuwa akijimudu, lakini sasa hawezi kuinua mikono achane nywele, na asubuhi sharti ashikwe ndipo ainuke kitandani. Usikimbilie kusema ni uzee. Uzee huja polepole, ilhali maradhi haya huweza kumkamata mtu kwa siku chache tu.

Madaktari huyaita polimialjia rumatika. Hushika mabega, shingo na nyonga, aghalabu pande zote mbili. Mwili hukakamaa asubuhi kwa zaidi ya dakika 45, kisha hulegea kadiri mchana unavyosonga. Mgonjwa huweza pia kuchoka, kupata homa kidogo, kukosa hamu ya chakula na kukonda. Wanawake huugua zaidi kuliko wanaume.

Ingawa uchungu husikika misulini, uvimbe wenyewe umo hasa katika utando na vifuko vya majimaji vilivyo kandokando ya viungo. Chanzo chake hakijajulikana, lakini maradhi haya hayaambukizwi. Hakuna kipimo kimoja cha kuyathibitisha. Daktari humkagua mgonjwa, humpima damu na kuhakikisha kwamba hasumbuliwi na ugonjwa mwingine, kama vile baridi yabisi au saratani.

Dawa yake ni prednisoloni, kwa kawaida miligramu 12.5 hadi 25 kwa siku mwanzoni. Wengi hupata nafuu kubwa katika muda wa wiki moja. Hapo ndipo makosa hufanyika: mgonjwa hujiona amepona, akaacha kumeza vidonge. Kuikatiza dawa hii ghafla ni hatari, kwa kuwa mwili huwa umezoea kuitegemea. Daktari huipunguza kidogo kidogo kwa mwaka mmoja au zaidi, huku akichunguza sukari, shinikizo la damu na mifupa.

Kuna dalili moja isiyongoja. Baadhi ya wagonjwa huvimba pia mishipa ya damu ya kichwa. Kichwa kikiuma kwa namna isiyo ya kawaida, taya zikiuma wakati wa kutafuna, au macho yakififia, nendeni hospitali siku iyo hiyo. Mkichelewa, mgonjwa anaweza kupofuka kabisa.

Kwa hivyo mzee akikwambia hawezi kuvaa koti, usimnunulie vidonge vya maumivu dukani na kumwambia avumilie. Mpeleke akapimwe.