Akianguka bila kuguswa, acha maji, bonyeza kifua

SHABIKI wa ndondo za Ngara na Biharamulo haoni ugeni katika picha hii. Kiungo anaufuata mpira, hakuna aliyemkaba, mara mwendo unapungua, magoti yanalegea, chini. Kabla refa hajafika, watu thelathini wameshamzunguka. Mmoja ana chupa ya maji, mwingine anampepea kwa jezi, wa tatu anahangaika kumfungua mdomo kwa kijiko eti asimeze ulimi. Pembeni kuna mzee ameshatoa hukumu: hapo kuna mkono wa mtu.

Muda wote huo hakuna aliyegusa kifua cha kijana.

Mkoa wa Kagera umeshawahi kushuhudia kifo cha kinda uwanjani. Desemba 4, 2016, kwenye Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, Mbao FC ya Mwanza ilikuwa ikicheza na Mwadui katika ligi ya vijana wa chini ya miaka 20. Ismail Mrisho Khalfan, miaka 19, alitikisa nyavu na kushangilia na wenzake. Baadaye aligongana na mpinzani, akaanguka. Alikimbizwa hospitalini lakini hakuokoka. Habari yake ilisomwa hadi Ulaya.

Kaitaba iko katikati ya mji. Sasa fikiria jambo hilohilo Rulenge, Kabanga au Benaco kwa upande wa Ngara, ama Nyakahura na Nyakanazi kwa upande wa Biharamulo. Barabara ni za milima, gari la wagonjwa huenda liko na mgonjwa mwingine kilomita nyingi kutoka hapo. Na moyo uliosimama hausubiri gari. Madaktari wanakadiria kuwa kila dakika inayopita bila msaada, nafasi ya mtu kupona inashuka kwa asilimia 7 hadi 10. Piga hesabu mwenyewe. Dakika kumi zikiisha, kilichobaki ni kidogo sana.

Ndiyo maana anayeokoa maisha hapa ni beki wa kulia, refa au muuza karanga aliyekuwa karibu. Daktari anakuja kumalizia kazi iliyoanzwa na hao.

MBONA ANAKOROMA?

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mtu ambaye moyo umesimama haonekani kama maiti. Anaweza kurusharusha mikono na miguu kwa sekunde kadhaa, watu wakasema ni kifafa. Anaweza kukoroma au kuvuta pumzi moja moja za mbali, kama samaki aliyetupwa nchi kavu, watu wakasema "anapumua huyo, mwacheni apate hewa". Ile siyo pumzi. Ni dalili kwamba ubongo unakosa damu.

Kanuni ya madaktari wa FIFA ni nyepesi: mchezaji akianguka bila kugongana na mtu na haitikii, hesabu kwamba moyo umesimama mpaka ithibitike vinginevyo. Wahudumu wanaingia uwanjani papo hapo, hawasubiri ruhusa ya refa. Na aliyegongwa naye asidharauliwe, kwa sababu mpira mkali au kiwiko kikitua kifuani kwa bahati mbaya kinaweza kuusimamisha hata moyo mzima.

Kuhusu ulimi, hakuna binadamu anayemeza ulimi wake. Tazama video za wachezaji walioanguka duniani kote, utaona wenzao wanapambana na meno huku dakika za thamani zikiyoyoma. Wanafanya kwa mapenzi, lakini wanakosea. Kijiko kinavunja meno, na maji yanaingia kwenye mapafu ya mtu asiyeweza kumeza.

KAZI YENYEWE

Mpige mabegani, mwite kwa nguvu. Tazama kifua, usizidishe sekunde kumi. Kama haitikii na hapumui kawaida, mlaze chali kwenye ardhi ngumu, piga magoti ubavuni kwake. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, nyoosha mikono, bonyeza kwa uzito wa mwili wako. Kina ni kama sentimita 5, kisizidi 6. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika, yaani karibu mara mbili kila sekunde. Acha kifua kirudi juu kila baada ya kubonyeza. Kazi hii inachosha kuliko watu wanavyodhani, kwa hiyo mpokezane kila dakika mbili. Mbavu zinaweza kulia. Endelea tu, mbavu zinaunga.

Wakati huo mwingine anapiga simu kituo cha afya, mwingine anasaka gari. Hapa ndipo ndondo za vijijini zinapopoteza watu: kijana anapakiwa mshikaki kwenye bodaboda, kashikiliwa katikati ya dereva na mwenzake, safari ya Murgwanza au hospitali ya Biharamulo inaanza fasta. Nia ni njema, lakini kwenye pikipiki hakuna anayeweza kukandamiza kifua, kwa hiyo safari nzima ubongo hauna damu. Mnaanza palepale uwanjani. Ikija pikapu, mlazeni chali nyuma, na mbonyezaji apande naye aendelee na kazi.

Wanaodhani ni kupoteza muda wamuulize Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa. Machi 17, 2012 akiwa na Bolton alianguka White Hart Lane dhidi ya Tottenham. Shabiki mmoja wa Spurs, daktari wa moyo Andrew Deaner, alishuka kutoka jukwaani kwenda kusaidia. Moyo wa Muamba haukudunda wenyewe kwa dakika 78. Kifua kiliendelea kubonyezwa, mashine ya kushtua moyo ikatumika mara 15. Soka aliacha, ila yuko hai.

Christian Eriksen yeye alirudi hadi uwanjani. Juni 12, 2021 alianguka mjini Copenhagen katika mechi na Finland. Refa Anthony Taylor alisimamisha mchezo mara moja, nahodha Simon Kjær akamwahi, wenzake wakamzingira kumficha na kamera huku matabibu wakibonyeza na kutumia mashine. Juni 16, 2024 aliifungia Denmark bao dhidi ya Slovenia kwenye Euro. Mashine ile ni ndoto kwa viwanja vingi vya Kagera. Mikono ipo.

HATA KIBANDA UMIZA

Moyo hauwaachi watazamaji. Utafiti wa Munich, uliochapishwa mwaka 2008, uligundua kwamba siku Ujerumani ilipocheza Kombe la Dunia la 2006, dharura za moyo ziliongezeka mara 2.66. Siku ya Simba na Yanga, mzee mwenye presha akianza kutoka jasho jembamba, akasema kifua kinabana kama kimewekewa mzigo na maumivu yanapanda kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, msimwambie ni gesi. Huyo bado ana fahamu, hahitaji kubonyezwa. Akalishwe, atulizwe, gari litafutwe hapohapo hata kama ni dakika ya 89. Akipoteza fahamu na pumzi, kazi ni ileile ya uwanjani.

Kuna wachezaji pia wanaoficha. Aliwahi kuzimia mazoezini, au kifua kinauma akikimbia, au ndugu yake alikufa ghafla akiwa kijana, lakini hasemi kwa kuogopa benchi. Marc-Vivien Foé wa Cameroon alianguka Lyon Juni 26, 2003 bila kuguswa, akafariki akiwa na miaka 28. Uchunguzi ulikuta misuli ya moyo wake ilikuwa imenenepa isivyo kawaida. Kipimo cha umeme wa moyo hakiumi na hakichukui muda, na kocha ndiye wa kumtuma kijana akapime.

Ndondo ina kikao cha dakika chache kabla ya mechi, cha kukagua leseni na rangi za jezi. Dakika mbili zaidi zinatosha kutaja nani atabonyeza, nani ana namba ya kituo cha afya, na pikapu ya nani imeegeshwa ikiwa imeelekezwa barabarani.