Mlima Kenya: Ongeza Siku Kabla ya Lenana

Wazee wa Kikuyu walisali wakiuelekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, wakiwa wameinua mikono juu, kwa kuwa huko ndiko yaliko makao ya Ngai, Mungu wao. Wameru na Waembu nao huuheshimu mlima huohuo. Siku hizi mtu yeyote mwenye afya, ada ya hifadhi na mwongozaji anaweza kufika kilele cha Lenana, mita 4,985, bila kujua kukwea kwa kamba. Vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, vimeachiwa wakwea miamba. Kwa hiyo Lenana huonekana rahisi, na watu huipangia safari fupi mno.

Njia inayopendwa ni ya Sirimon, ambayo lango lake liko kwenye mita 2,650 hivi. Siku ya kwanza watu hulala kambi ya Old Moses, mita 3,300. Ya pili hulala kambi ya Shipton's, mita 4,200, na usiku huohuo, kabla ya alfajiri, wanaanza kupanda kilele. Ratiba hiyo ni nafuu, maana kila siku inayoongezwa ina ada yake, chakula na ujira wa wapagazi. Lakini madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku. Kutoka Old Moses hadi Shipton's ni mita 900. Na aliyetoka Mombasa, juzi tu alikuwa usawa wa bahari.

Hewa ya Lenana ina asilimia 21 ya oksijeni, sawasawa na ya ufukweni. Kinachopungua ni mgandamizo wake, hivyo kila pumzi huingiza zaidi kidogo tu ya nusu ya oksijeni tuliyozoea pwani. Mwili hujibu papo hapo kwa kuhema. Kuhema huko hutoa kaboni dioksidi nyingi na kupunguza asidi ya damu. Ubongo ukihisi badiliko hilo huzuia pumzi, hasa usingizini. Figo ndizo zinazosawazisha mambo kwa kutoa bikaboneti kwenye mkojo, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Chembe nyekundu mpya za damu huchukua wiki. Hapo mazoezi ya uwanjani hayasaidii: mkimbiaji huugua ugonjwa wa mwinuko kama mtu mwingine, tena huwa hatarini zaidi akiwahi juu kwa kuamini miguu yake.

Basi lala Old Moses usiku mbili, na Shipton's usiku mbili; pengo la mita 900 litabaki, lakini mwili utapata muda wa kuzoea. Siku ya mapumziko panda mita mia tatu au nne, kisha urudi kulala chini. Si siku ya kupoteza. Mabondeni kuna mimea mikubwa ya lobelia yenye majani yaliyojipanga kama bakuli lililojaa maji. Usiku maji hayo huganda juu tu, na barafu hiyo huzuia baridi isikifikie kichipukizi kilicho chini yake. Kukipambazuka gusa utando huo kwa kidole, bila kung'oa kitu.

Chagua Januari na Februari, au Julai hadi Septemba. Machi hadi Mei ni masika, na njia huwa tope. Mwone daktari mapema kuhusu acetazolamide, dawa inayozihimiza figo kutoa bikaboneti, hasa kama una mzio wa dawa za salfa.

Kuumwa kichwa kidogo ni kawaida, lakini usipande zaidi mpaka kiache. Mwenzako akianza kuongea ovyo, mwambie atembee katika mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, huenda ubongo wake umeanza kuvimba. Akikosa pumzi hata akiwa ameketi, huenda maji yanajaa mapafuni. Yote mawili huua, na tiba ya kwanza ni kushuka. Teremkeni usiku huohuo; msingoje kuche.